Vumbi Katika Amana ya Mkwe

Djaouharia ndiye aliyeliona vumbi kwanza, na laiti angelinyamazia, watu wa nyumba ile wangepona na mengi. Lakini Djaouharia, Mama Bahia kama alivyoitwa na mumewe, hakuumbwa kunyamazia vumbi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tisa, mwaka wa tisini na tano, mjini Moroni. Alikuwa amepanda chumba cha juu na chetezo mkononi, kukifukiza udi chumba cha bwana harusi ambaye bado hajafika. Kitanda kipya, bado kimevaa nailoni ya dukani. Kabati jipya. Ukuta mmoja haujapigwa lipu, kwa sababu mumewe Saindou ni mwalimu wa serikali, na serikali ilikuwa imesahau kuwalipa walimu tangu mvua zilizopita. Na juu ya meza ya kioo, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma binti yake Bahia kwa mkono wake, ilikaa kompyuta ya Ousseni, ile ndogo ya kukunja kama kitabu.

Ousseni ndiye mposaji wa Bahia. Kwao Mutsamudu, kisiwa cha Anzuani, na kazi yake Marseille, ofisini. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na nani wa Moroni angepanda ndege kwenda kuhakikisha? Mwaka uliopita alikuja, posa ikajibiwa, harusi ikawekwa mwezi wa kumi wa mwaka huu. Siku ya kuondoka aliipandisha kompyuta ile chumbani kwa mikono yake miwili.

"Hii amana yangu, mama," alimwambia Djaouharia. "Nitaikuta hapa hapa."

Ngazija, kisiwa chenye Moroni, nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Mwanamume akishaweka kitu chake chumbani, mtaa unahesabu kwamba mguu mmoja umeingia. Wanawake walipanda ngazi kuja kuitazama. Waliitazama ikiwa imefungwa, wakapiga vigelegele, wakanywa chai, wakashuka. Hakuna aliyeifunua, na kwa mwaka mzima hakuna mtu wa nyumbani aliyeiwasha. Amana haichezewi, ati.

Sasa Djaouharia aliinama na chetezo chake, akachungulia kwenye zile nyufa za ubavuni. Ndani mlikuwa na kitu cha kijivu, kimejazana kama pamba kwenye mto.

"Baba Bahia, hebu njoo uone aibu."

Saindou alipanda, miwani kwenye paji la uso. Aliitazama. "Vumbi tu hilo. Saruji ya ukuta, na majivu ya huo udi wako."

"Vumbi tu, unasema. Ataifungua mbele ya ndugu zake wa Mutsamudu, imwage majivu kitandani, waseme mkewe wa Kingazija hajui kufuta. Halafu huko Mutsamudu wanavyopenda kutusema."

"Si wewe unayeifukiza kila wiki? Kompyuta haihitaji udi, Mama Bahia."

"Kila kitu cha bwana harusi kinahitaji udi," akajibu, na kwake jambo hilo lilikuwa limekwisha.

Bahia alikuwa amesimama mlangoni, nguo za kufua begani. Alikuwa na miaka ishirini na saba, kifungua mimba wa nyumba ile, na nyuma yake kulikuwa na wadogo wawili wa kike ambao hawakuweza kuolewa kabla yake. Wote walilijua hilo na hakuna aliyelisema. Alimpenda Ousseni, tusizungukezunguke. Alikipenda hata kicheko chake, kilichokuwa kikubwa kuliko mwili wake.

"Baba, wewe si hufungua redio za watu?" alisema. "Ifungue uitoe vumbi, uifunge. Hata hatajua."

Saindou alipenda kuombwa na Bahia. Akaenda kuleta bisibisi.

Alifanya kazi ile sebuleni, juu ya shuka safi, kwa unyoya wa kuku na mswaki mpya ambao Djaouharia aliutoa kwenye zawadi za harusi. Vumbi lilitoka kwa vipande. Saruji, majivu, na ule mchanga mweusi wa mlima ambao Moroni huingia hata kwenye chumvi. Mkewe alikuwa akilipokea kwenye karatasi kama anayepokea kitu cha haramu. Saindou alikuwa na furaha siku hiyo, furaha ya kweli, maana tangu mishahara ikwame ni vitu vichache alivyoweza kumfanyia binti yake.

Wakati wa kuifunga ndipo alipobonyeza kidogo tu, na kitu kikalia *tak*.

Kilikuwa kipande cha plastiki, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, kimekatika penye bawaba. Akaifungua tena kutazama kama pana kingine. Akaona ule waya bapa unaokwenda kwenye kioo umejikunja, na ukingoni umechanika, pachache, pa kuingia punje ya mchele. Aliunyoosha kwa kidole. Akafunga upya, polepole, anatoka jasho. Alipomaliza, skrubu moja ilikuwa imebaki juu ya shuka.

"Ya wapi hiyo?" Djaouharia akauliza.

"Sijui."

"Hujui vipi, na wewe ndiye uliyeitoa?"

Wakachomeka plagi. Umeme ulikuwepo, taa ilikuwa inawaka. Saindou akabonyeza pale palipochorwa alama ya kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena, akaweka sikio. Kimya kile kile.

"Kwani ilikuwa inawaka?" Bahia akauliza.

Walitazamana. Mwaka mzima walikuwa wameilinda kama yai, na katika nyumba ile yote hakuna hata mmoja aliyeweza kujibu swali hilo.

Wiki iliyofuata Saindou alikuwa anakwenda shule mwili tu, akili imebaki nyumbani. Akiandika ubaoni, anaiona ile skrubu. Alikigandisha kile kipande kwa gundi, kikashika, na ukiitazama kwa mbali usingejua. Lakini yeye alijua. Alikuwa akipanda chumba cha juu kila akirudi, anapitisha kidole penye bawaba, anabonyeza, anashuka. Mkewe alikuwa anazisikia nyayo zake na kunyamaza, jambo ambalo kwa Djaouharia lilikuwa sawa na ugonjwa.

Mafundi walikuwepo, Moroni si porini. Lakini kumpelekea fundi ni kumwambia mtaa. Asubuhi ungempa mashine, adhuhuri wanawake wangekuwa wanaulizana kwenye bomba kama ni kweli watu wa kina Djaouharia wameiua kompyuta ya mkwe kabla hajaingia nyumbani. Afadhali kidonda ulicho nacho ndani ya nguo.

Jumatano muuza duka wa jirani akaja kumwita Djaouharia kwenye simu. Alikuwa Bi Moinafouraha, mama yake Ousseni, anapiga kutoka Mutsamudu. Waliulizana hali, wakaulizana tena. Kisha mama yule akasema Ousseni anaiomba ile kompyuta yake. Mtu yeyote anayevuka kuja Anzuani apewe ailete.

"Lakini si anakuja mwenyewe mwezi ujao?" Djaouharia akauliza.

"Anaitaka kwanza," Moinafouraha akasema.

Djaouharia alirudi nyumbani kitambaa cha kichwa kimemteleza, akakaa kwenye ngazi. "Anaondoa mguu wake," alimwambia mumewe. "Akufukuzaye hakwambii toka. Mtu anayekuja kuoa haagizi vitu vyake virudi."

"Pengine ana kazi nayo."

"Na akiifungua je? Ataikuta maiti." Alisogea, akashusha sauti ingawa walikuwa peke yao. "Baba Bahia, sikiliza. Tuifunge vizuri, tumpe mtu wa meli. Ikifika haiwaki, tutasema imekufia njiani. Vitu vinakufa njiani. Nani atajua?"

Saindou hakukasirika. Alifikiri sana, na tusimsifu kupita kiasi: neno lile alilipima. Alimfikiria Bahia, akawafikiria na wale wadogo zake. Kisha akasema, "Mtu wa meli naye ana mama yake. Nikimbebesha kosa langu nitaswalije?"

"Basi tutakosa mkwe."

"Nitaipeleka mwenyewe. Nitawaambia uso kwa uso. Watu waungwana wakiambiwa kweli husamehe."

Djaouharia alivua bangili moja mkononi mwake, ya dhahabu nyembamba, akamwekea magotini bila kusema kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa tiketi.

Mtu akipanga lake, na mamluki nao wamepanga lao. Tangu sabini na nane watu wa Moroni walikuwa wamewajua wazungu wale wa bunduki: wameingia, wamekaa, wamelinda rais na kumtoa rais, wameondolewa, na watu wakadhani wamekwenda moja kwa moja. Alfajiri ile ile ambayo Saindou alikuwa asafiri, walikuwa wamerudi. Alisikia milio akiwa anatia udhu, akadhani ni harusi ya watu.

Teksi ilifika Itsandra tu, kwenye njia ya uwanja wa ndege. Hapo palikuwa na magogo barabarani, na mzungu mmoja mnene wa makamo, uso umepakwa masizi, na pembeni yake askari kijana wa hapa hapa. Saindou alimtambua yule kijana. Alimsomesha darasa la tatu. Kijana naye alimtambua, akageuza macho kuelekea baharini.

"Kuna nini kwenye mfuko?" kijana akauliza, kwa sauti ya kumwuliza mtu asiyemjua.

"Kompyuta. Si yangu, ni ya mkwe wangu. Naipeleka Mutsamudu."

Mzungu akautwaa mfuko, akaitoa mashine kwenye kanga ambayo Djaouharia aliikunjia. Akaiweka juu ya boneti la teksi, akaifungua kwa nguvu, na ile gundi ikaachia hapo hapo. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio, kisha akacheka na kusema maneno ya Kifaransa.

Saindou alikielewa Kifaransa, ndicho alichokuwa akifundisha. Lakini kijana akatafsiri hata hivyo, pengine kwa kutojua la kufanya. "Anasema imekufa, mwalimu. Anasema hata wao hawaitaki."

"Nimesikia, mwanangu," Saindou akasema.

Akakiokota kile kipande cha plastiki chini, kwenye mchanga, amepiga magoti mbele ya buti za watu. Dereva aligeuza teksi. Njiani kurudi alikuwa anajiambia ashukuru Mungu hawakuichukua, na machozi yalikuwa yanamtoka. Sasa hata mgeni asiyejua habari zao amethibitisha kwamba imekufa, na aliyeiua ni yeye.

Walikaa ndani siku kadhaa, milango imefungwa, hadi askari wa serikali ya Ufaransa waliposhuka na wale mamluki wakajisalimisha. Ndege zilipoanza tena kuruka, Saindou alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Alishuka uwanja wa ndege wa Ouani, akapita Mirontsy kwenye gari la kuchangia, kompyuta mapajani, na kabla ya adhuhuri alikuwa anauliza njia katika vichochoro vya Mutsamudu ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hukaa ubavu. Akabisha mlango.

Moinafouraha alimfungulia mwenyewe, amejitanda shiromani lake jekundu. Alikuwa anamtarajia mtu wa meli na kifurushi. Alipomwona Saindou amesimama na kanzu ya safari, alitazama nyuma yake haraka, kwenye pazia la chumba cha nyuma.

Na hapa lazima niwaambie jambo ambalo Saindou hakuambiwa hadi leo.

Nyuma ya pazia lile alikuwepo Ousseni. Hakuwa Marseille. Huko Marseille alikuwa anafagia maofisi alfajiri, kabla wenye ofisi hawajafika, na kompyuta ile aliiokota kwenye pipa la taka la ofisi mojawapo, imeshakufa, tumbo lake limeshatolewa vya maana. Aliipenda kwa kung'aa kwake. Aliiweka kwenye chumba cha Bahia akisema moyoni kwamba akishaoa atasema imeharibika, basi. Ya kesho aliyaacha kesho. Kisha kibali chake cha kukaa kikakataliwa, wakamtia kwenye ndege na mfuko wa plastiki wenye suruali mbili. Alishuka Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija, akapita Moroni kofia imemfika puani, akapanda chombo jioni ile ile bila kumsalimu mtu. Sasa alikuwa wiki ya sita amejificha chumba cha nyuma, na majirani wanaambiwa yuko Ufaransa, hajambo, anafanya kazi sana.

Katika aibu zake zote, iliyomnyima usingizi ni ile mashine. Aliona kama wanaiwasha. Aliona wanajua kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa mwongo. Ndiyo maana alimlilia mama yake aiagize. Kwa hiyo Moroni walikuwa wanaogopa isiwake, wakidhani wameiua, na Mutsamudu walikuwa wanaogopa wenzao wasije wakagundua kwamba haijawahi kuwaka.

"Karibu, Mwalimu. Kumbe umekuja mwenyewe. Umejisumbua."

"Amana haitumwi, Bi Moinafouraha."

Alimkaribisha mkekani, akamletea maji ya ndimu. Saindou akaisogeza bilauri kando. "Nina neno, na nikinywa kabla ya kulisema litanikwama."

Akaitoa kompyuta kwenye kanga. Akatoa leso, akaifungua, ndani mna kipande cha plastiki na skrubu. Akasema yote. Hakumtaja mkewe wala udi wake, na hakumtaja Bahia. Alisema aliona vumbi, akajitia ufundi ambao hana. Alimwonyesha pale penye bawaba, na pale waya ulipochanika. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, yeye aliyewaita watoto wa watu miaka yote.

"Nimeiua kompyuta ya mwanao," akamaliza. "Nimekuja kuomba radhi, kwako na kwake. Lolote mtakalosema nitalipokea."

Moinafouraha hakuwa mwanamke mbaya. Maneno yalimfika kooni: tulia, Mwalimu, hiyo ilikuwa imekufa zamani, kunywa maji yako. Yalikuwa maneno mepesi, na yangemwinua yule mzee pale alipo. Lakini nyuma yake yalikuwa yanafuatana mengine. Imekufa vipi? Aliipata wapi? Yuko wapi sasa? Meli ya kwanza ingeyafikisha Moroni, na ya pili ingeyarudisha Mutsamudu yamenenepa. Kwa wiki sita alikuwa anatafuta namna ya kuivunja harusi ile bila kulitamka neno moja la kweli, na sasa mtu mwenyewe amekuja kumletea namna hiyo kwa mikono miwili.

"Kazi yake yote ilikuwa humo," akasema. Aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine.

"Yote?"

"Yote. Ya ofisini kwao. Walikuwa wanamdai."

Saindou alifumba macho. "Atafukuzwa?"

Mama yule akainamisha kichwa. "Pengine ameshafukuzwa," akajibu, na katika mazungumzo yote hilo ndilo neno pekee la kweli alilolitoa.

Nje mtu alikuwa anauza samaki, anapita na bei zake. Hatimaye Saindou akauliza kile kilichomleta, kwa kuwa hakuja kwa ajili ya plastiki. "Na harusi?"

"Mwalimu." Alilivuta shiromani mpaka machoni. "Msimzuie binti. Akija mwenye kheri, mpeni."

Basi. Hivyo ndivyo inavyosemwa kwa waungwana. Saindou akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelezwa njia. Akasema atalipa, atakata mshahara wake pindi utakapokuja. Moinafouraha akasema hapana, hapana, wasimdhalilishe kwa malipo, akaanza kulia. Alilia kweli, mabega yanamtikisika. Na yule mzee, aliyekuwa amepoteza kila alichokuja kukiomba, akamsogelea na kumbembeleza.

"Usilie, mama. Wewe umekosa nini? Kosa ni langu."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi cha kubana.

"Una mgonjwa?" Saindou akauliza.

"Ndugu yangu. Kifua."

"Mpe tangawizi na asali." Akainua sauti kuelekea kwenye pazia. "Pole, ndugu yangu. Mungu akuponye."

Ousseni alikuwa amesimama upande wa pili, mkono wake umelishika pazia. Angelivuta, yote yangemalizika kwa pumzi moja. Alilishika mpaka vidole vikamuuma, kisha akaliacha.

Saindou aliiacha kompyuta pale mkekani, na leso yake na vilivyomo, kwa sababu ni vya mwenyewe.

Nyumbani Moroni aliwaeleza wamekaa chini, jikoni. Hakuficha. Djaouharia akajipiga kifuani. "Ni udi wangu. Majivu ni yangu. Ungeniacha nikaseme ni mimi."

"Mimi ndiye niliyesema ifunguliwe," Bahia akasema. "Baba hakutaka."

"Mkono ulikuwa wangu," Saindou akasema.

Walinyang'anyana kosa lile hadi wadogo wa Bahia wakaja kusimama mlangoni kutazama, na kati ya wale watatu waliolinyang'anyana hakuna hata mmoja aliyekuwa na kosa. Inaniuma kulisema. Bahia alilia siku mbili, wazi, bila kujificha, kisha akapanda juu, akakivua kitanda ile nailoni, akawaita wadogo zake wakalale humo, maana chumba cha chini kilikuwa kinavuja.

Mtaani maneno yalikuwa yameanza: mtu wa Anzuani amewakimbia, watu wa Anzuani ndivyo walivyo. Ijumaa, baada ya sala, Saindou alikwenda kwenye bangwe, uwanja ambapo wanaume wa mji hukaa kwa vyeo vyao, akaomba kusema. Yeye si mtu wa kusema bangweni.

"Nimesikia mnamtaja mkwe wetu kwa ubaya," alisema. "Mkome, tafadhali. Yule kijana hana kosa. Aliniwekea amana nikaiharibu kwa mikono hii, na kazi yake imepotea kwa ajili yangu. Kama kuna wa kusemwa, mniseme mimi."

Wanaume walitazama chini. Kumwona mzee wa watu anajivua nguo mbele ya mji si jambo jepesi. Kisha mmoja wa wakubwa akainua mikono, wakamwombea dua Ousseni huko ugenini aliko, Mungu amfungulie riziki, wakaitikia amina wote.

Mwezi wa kumi na moja, mchana, simu ya Moinafouraha ililia wakati anampakulia mwanawe chakula. Alikuwa Bahia, anapiga kutoka duka la jirani.

"Mama, sina maneno mengi, simu ni ya watu. Naomba umfikishie Ousseni salamu hizi. Baba ameanza kusomesha watoto jioni hapa barazani, watoto wa wenye nacho, anaweka kidogo kidogo. Anasema atamnunulia nyingine, hata ikichukua miaka. Si kwa ajili ya harusi, hilo tumelielewa. Ni ili arudishwe kazini."

Moinafouraha aliketi.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Na yeye hajambo? Huko baridi imeshaanza?"

Ousseni alikuwa mkekani mbele yake, mkono kwenye sahani ya wali, na simu ile sauti yake ilikuwa inatoka nje. Alikuwa amesikia kila neno. Mama yake alimtazama. Alimtazama kwa muda, akimsubiri. Ousseni akatikisa kichwa.

"Hajambo," Moinafouraha akasema. "Baridi imeanza. Anawasalimu sana."

Bahia alizishukuru zile salamu, akaomba Ousseni naye afikishiwe zake, kisha akamrudishia muuza duka simu yake.